Majina kwenye msalaba wa mawe nje ya kanisa: wale wa Uingereza ni kina nani, na wapagazi wetu wako wapi?

Swali limetoka kwa dada yetu mmoja, mtu wa Dodoma, anafanya kazi ya kutunza wazee huko Sussex kusini mwa Uingereza. Nalifupisha. Anasema nje ya kanisa la kijiji anachoishi kuna msalaba mkubwa wa mawe na chini yake majina ya watu wa vita ya 1914, mengine ya ukoo mmoja, na jina moja pembeni yake pameandikwa East Africa 1917. Anauliza je wamezikwa pale chini, nani aliamua nani aandikwe na nani aachwe, na huyo wa East Africa alifikaje kwetu. Halafu mwishoni ndo akauliza lililokuwa linamkaa rohoni: baba wa babu yake alichukuliwa Ugogo kubeba mizigo vita hiyohiyo na hakurudi, je jina lake lipo popote?

Haya dada, nakujibu kwa kirefu maana haya maswali yako yote manne ni kitu kimoja, utaona.

Kwanza habari ya kaburi itoe kichwani. Chini ya ule msalaba hakuna mtu, ni udongo tu na zege la msingi. Waingereza walipiga marufuku kurudisha maiti nyumbani mapema kabisa, 1915. Kulikuwa na kijana mmoja mbunge, mjukuu wa Gladstone yule aliyewahi kuwa waziri mkuu, akauawa Ufaransa Aprili 1915 na ndugu zake wakatumia majina makubwa mpaka mwili ukarudishwa ukazikwa kwao Hawarden. Watu wakaanza kunung'unika, mbona wa kwao anarudi na wa kwetu harudi? Na kweli kwa hesabu ya wafu wa vita ile isingewezekana kurudisha kila mtu, na kurudisha wa wenye hela tu kungeleta balaa, basi jeshi likasema hakuna anayerudi, awe mtoto wa lodi au wa mchunga ng'ombe, kila mtu atalala alipoangukia. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na mama ambao hawakuzika. Hakuna maiti, hakuna matanga ya maana, hakuna mahali pa kupeleka ua. Ule msalaba ndo ulikuja kuziba hilo pengo, na ukiusoma kwa macho hayo utaelewa kwa nini wazee wa pale wanaushika kwa mkono wakipita.

Ila usichanganye na mawe meupe. Zunguka nyuma ya kanisa, huenda ukakuta jiwe jeupe moja au mawili yamesimama, urefu kama sentimita 81, juu pamepinda kidogo, limechongwa nembo ya kikosi, namba ya askari, jina, tarehe. Hilo sasa ni kaburi kweli. Ni wale waliofia Uingereza kwenyewe, aliyeletwa hospitali na majeraha akakata roho huko, aliyepata ajali mazoezini, aliyekufa kwa ile homa ya mafua ya 1918. Mawe hayo ni ya tume ya makaburi ya vita (siku hizi Commonwealth War Graves Commission) iliyoanzishwa rasmi Mei 1917, na sheria yao ilikuwa jenerali na kuruta jiwe sawasawa. Familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake chini, mwisho herufi 66 ukihesabu na nafasi, yaani mzazi anaambiwa muage mwanao kwa herufi 66. Soma hayo maneno ukipata muda, mengine ni aya ya Biblia ya kawaida na mengine yanakuacha hoi.

Sasa nani aliandika majina msalabani. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani serikali ilipita kila kijiji na orodha. Wapi! Serikali haikutoa hela, haikutoa orodha, haikutoa hata ramani. Kijiji chenyewe ndo kilikaa kikao 1919 au 1920 hivi, padre, mwalimu mkuu, mwenye mashamba makubwa, mke wa daktari, wakaunda kamati, wakapitisha mchango nyumba kwa nyumba, tajiri katoa pauni nyingi na kibarua katoa peni zake. Na waligombana sana tu! Wengine walitaka ukumbi wa kijiji au kisima au kitanda hospitali, kitu cha kusaidia walio hai, wengine wakasema hapana sisi tunataka jiwe. Wasiokwenda kanisa la Anglikana wakauliza kwa nini jiwe la watu wote likae kwenye kiwanja cha kanisa moja. Na kuuweka pale kwenye kiwanja ilibidi kuomba kibali cha dayosisi, na hivyo vibali na michoro yake mara nyingi bado viko kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, unaweza kwenda kuomba kuviona.

Majina yalikusanywa kwa njia ya kienyeji kabisa. Karatasi inabandikwa mlangoni mwa kanisa au dukani, "mwenye marehemu alete jina", au padre anapita kugonga hodi. Kwa hiyo jina la mtu kuwa pale lilitegemea kama kuna mtu wake aliyekuwepo kufungua mlango. Mama kahama? Jina linakosa. Mke kaolewa kijiji kingine? Marehemu anaandikwa kule, au anaandikwa kote kuwili, wapo watu wana majina kwenye mawe matatu manne tofauti. Na kuna mama waliokataa jina lisichongwe maana kulichonga ni kukubali kwamba amekufa, na mtoto wake walimwambia "haonekani" tu, sasa atamchongaje. Pia mwaka wa mwisho unatofautiana, huyu kaandika 1918 siku bunduki ziliponyamaza, yule 1919 mkataba uliposainiwa, kwa hiyo ukiona 1914–1919 fundi hajakosea.

Halafu kuna waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kukimbia mstari au woga, hao walikuwa 306 na serikali iliwasamehe 2006, walishaoza zamani. Vijiji vingi viliwaacha nje. Lakini kuna kijiji kinaitwa Fulstow, kaunti ya Lincolnshire, walikuwa na kijana wao Charles Kirman aliyepigwa risasi hivyo 1917. Walipoambiwa jina lake haliwezi kukaa na wenzake wakajibu basi kama hakai yeye hakai mtu. Wakakaa bila ukumbusho wowote mpaka 2005, ndo wakaweka kibao na yeye yumo. Mi hicho kijiji nakivulia kofia.

Ukoo mmoja majina matatu manne, hilo umeuliza vizuri na Sussex ndo penyewe. Vikosi viliandikishwa kwa kaunti, kwa hiyo ndugu, majirani, timu nzima ya kriketi waliingia kikosi kimoja siku moja wakawekwa handaki moja. Tarehe 30 Juni 1916, siku moja kabla ya ile vita kubwa ya Somme, batalioni za Royal Sussex zilipelekwa kushambulia sehemu inaitwa Boar's Head kule Richebourg, Ufaransa, kazi yenyewe ilikuwa ya kumzuga Mjerumani tu asijue shambulio kubwa linatokea wapi. Hayakuisha hata masaa matano, wakawa wamekufa 366 na zaidi ya elfu moja kujeruhiwa au kutekwa. Kati ya waliokufa kulikuwa na makundi 12 ya ndugu wa tumbo moja. Angalia kwenye msalaba wako kama kuna waliokufa tarehe hiyo, kwa kijiji cha Sussex nitashangaa akikosekana hata mmoja. Na kila familia iliyofiwa ililetewa sahani ya shaba nyeusinyeusi, upana sentimita 12, ina jina la marehemu bila cheo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja na watu wakaibatiza senti ya marehemu. Hao wazee unaowatunza, waulize, usishangae mmoja akiwa nayo ya babu yake kwenye droo.

Haya, twende kwa wa East Africa 1917. Vita ya kwetu Waingereza walianza nayo vibaya, Novemba 1914 walishuka Tanga wakachapwa wakarudi melini, na kwenye ile aibu kulikuwa na batalioni moja ya wazungu kutoka Lancashire pamoja na Wahindi. 1915 ikaja batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kundi la ajabu, wawindaji, wasafiri, watu wazima wenye mvi, ndo alimokuwa Frederick Selous aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 akiwa na miaka 65 na kaburi lake liko hukohuko porini mpaka leo. Huyo wa kijijini kwenu anaweza kuwa alikuwa humo, au dereva, au wa mizinga, au mtu wa tiba. Na ukitaka kubashiri kilichomuua, bashiri malaria au kuhara damu kabla hujafikiria risasi, maana wazungu waliisha kwa magonjwa mpaka vikosi vyao vingi vikaondolewa na kazi wakaachiwa makeya, King's African Rifles, ambao walikuzwa kutoka batalioni 3 mpaka 22.

Huyo kupatikana ni rahisi. Tume ya makaburi ina kumbukumbu zake mtandaoni bure, andika ukoo, herufi ya jina la kwanza, chagua vita ya kwanza na nchi Tanzania au Kenya. Ukibahatika itakuletea mpaka majina ya wazazi na kijiji. Kama kaburi linajulikana anaweza kuwa Dar, Morogoro, Iringa, Moshi, Tanga au Taveta. Kama halijulikani na alikufa kuanzia Januari 1917 basi kuna uwezekano mkubwa jina lake limechongwa kwenye ukumbusho ulioko ndani ya makaburi ya vita Dar es Salaam, yale ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi ukitoka mjini kwenda Mwenge, watu wanapita na daladala kila siku hawayatazami. Pale kuna makaburi 660 yaliyohamishwa 1968 kutoka Ocean Road kupisha barabara. Faili lake la jeshi usilitegemee sana, Septemba 1940 bomu la Mjerumani lilichoma ghala la kumbukumbu London na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa vita ya kwanza yakateketea, ila kadi za medali na sensa ya 1911 zipo.

Kwa hiyo yule bwana ana jina kijijini, na jina kwetu, jiwe mbili au tatu. Sasa wako.

Nikupeleke kwanza Burwash, kijiji cha hukohuko Sussex, kama una off siku moja nenda. Karibu na kanisa la St Bartholomew kuna mnara wa mawe wenye taa juu, na taa hiyo huwashwa kila inapofika siku aliyokufa mmoja wa walioandikwa pale. Mmoja wao ni John Kipling, mtoto wa mwandishi Rudyard Kipling aliyekuwa anaishi hapo. John alikuwa haoni vizuri, jeshi lilishamkataa, baba yake akatumia kujuana na wakubwa mpaka akaingia, akapotea vita ya Loos Septemba 1915, miaka 18 na wiki chache. Mwili haukuonekana na baba alikufa bila kujua kaburi la mwanae. Sasa huyu baba ndo tume ya makaburi ilimpa kazi ya kuchagua maneno, lile fungu la Yoshua bin Sira kwamba majina yao yataishi milele, lililoko kwenye makaburi makubwa ya vita, ni yeye alilichagua. Na sanamu ya Askari Monument pale Samora, Dar, iliyowekwa 1927, pamoja na zile za Nairobi na Mombasa, maneno yake pia ni ya huyuhuyu Kipling: yanawataja askari Waafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako.

Zunguka sanamu nzima sasa. Tafuta jina. Hakuna hata moja.

Na isikudanganye mtu kwamba ni kwa sababu hayakuwepo. Tuseme yaliyotokea. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ndorobo, magari yanazama kwenye matope ya Rufiji, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha mchele kilipanda kichwani kwa mtu. Mwingereza aliandikisha mamia ya maelfu na waliokufa, kwa hesabu zinazotajwa sana, wanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa. Mpagazi wa Mwingereza alipewa namba na kibati cha kuvaa, na alikuwa kwenye daftari la mshahara, kwa sababu mhasibu wa kizungu hatoi hela bila daftari. Oscar Watkins aliyekuwa anaongoza idara hiyo Kenya alihangaika baada ya vita kutaka mishahara ya marehemu ambayo haikuchukuliwa ifike kwa watu wao, na serikali ikagoma kulipa. Kumbe kwenye hela walikuwa wanahesabika! Ila lilipokuja suala la makaburi, wakubwa wa kikoloni na tume wakakubaliana kwamba mawe ya kila mtu yasiwekwe, eti Mwafrika hana desturi hiyo na ni gharama ya bure, sanamu moja inatosha. Makaburi yao yakaachwa yamezwe na pori. Ile sheria ya jenerali na kuruta jiwe sawasawa iliishia ufukweni.

Tume yenyewe ilikiri haya Aprili 2021 kwenye ripoti yao na ikaomba radhi. Walikadiria kati ya watu 45,000 na 54,000, Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo wameanza kurekebisha, Cape Town Januari 2025 walifungua ukumbusho wenye majina ya zaidi ya watu 1,700 weusi wa Afrika Kusini waliofia kazini vita ile, na nyaraka za Kenya zinapekuliwa.

Kwa hiyo kwa babu yako jambo la kwanza ni kujua alimbebea nani. Ugogo ilipigwa kotekote. Mjerumani alikuwepo mpaka mwisho wa Julai 1916 Dodoma ilipochukuliwa, na alikuwa anakamata watu na ng'ombe na nafaka, kisha Mwingereza akaja naye akakamata watu na ng'ombe na nafaka, matokeo yake ikawa ile njaa ya Mtunya ambayo bibi zako lazima waliisimulia, watu wapatao 30,000 wakafa. Uliza nyumbani: alichukuliwa kabla ya Mtunya muda gani, mvua zipi, walielekea upande gani, kuna aliyerudi naye, alitajwa kuvaa kibati? Kama alibebea Mjerumani kwa kweli tume haimhusu, yenyewe inashughulika na upande wa Mwingereza tu, na Mjerumani hakuweka daftari la maana la wapagazi waliokamatwa njiani. Kama alibebea Mwingereza, iandikie tume moja kwa moja, wape majina yote aliyokuwa anaitwa maana karani aliandika alivyosikia, jina la baba yake, kijiji, mtemi au jumbe wake, kwa sababu wapagazi mara nyingi waliorodheshwa chini ya jumbe.

Na usiruke vitabu vya misheni. Wamisionari wa CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walikuwa na vituo Ugogo, Mvumi, Mpwapwa, Kongwa, na kama familia yenu ilikuwa ya wasomaji wa mwanzo, kuna daftari za ubatizo na ndoa. Ni kulekule kwa padre wa Sussex kugonga hodi, aliyekuwa na padre anayemjua kwa jina alikuwa na nafasi zaidi ya kubaki kwenye karatasi. Askofu Weston wa Zanzibar alikusanya wapagazi wake mwenyewe akaenda nao bara kwa miguu, na kule Kenya daktari Arthur wa misheni ya Kikuyu alifanya hivyohivyo 1917, na watu wa namna hiyo mi ningewatafuta misheni kabla ya kwenda popote.

Kumbukumbu za Taifa Dar nazo zina mafaili ya wilaya ya miaka ya 1920, omba ya Dodoma, tafuta barua za madai ya mishahara. Anayeenda kukusomea awe na subira na barua ya utambulisho, na asiombe faili "la vita", aombe la kodi na la kazi, ndo walikofichiwa wapagazi. Jina la babu, mwaka wa kukadiria na jina la jumbe yaandike kwenye karatasi moja leo kabla wazee wa nyumbani hawajasahau zaidi, nitumie na mimi nakala, nina mtu Dodoma anayejua kusoma mwandiko wa makarani wale.